Usibaki Goma kwa Ajili ya Mishipa Yangu

Solange mwanangu,

Umetoka kwenda Himbi kumwambia shangazi yako kwamba safari imeahirishwa, na mimi nimebaki hapa mezani na karatasi nilizochana kwenye daftari la baba yako. Vyombo vya chakula havijaoshwa. Baba yako alisema ataviosha, nami nikamwamini, lakini namsikia huko nje anaongea na kuku wake. Kwa hiyo muda wa kuandika upo.

Nimeingia chumbani kwako nikakuta umelifungua tena begi. Blauzi zako nyeupe za kazi umezitundika ukutani, kana kwamba mtu wa kuzivaa hana pa kwenda. Nimezikunja upya zote na kuzirudisha begini, na viatu nimevitia kwenye mfuko wake. Utanuna ukikuta hivyo. Nuna tu, lakini kaa kitandani kwanza usome hii barua hadi mwisho.

Juzi uliposikia nakohoa uliniwekea sikio mgongoni kama daktari mzima. Ukasema mapafu yameanza tena mambo yake, na safari hii zinahitajika dawa za kupitia mshipani, siku kumi au zaidi. Hapo ulisema kweli. Kisha ukasimama mlangoni na taulo lako begani, ukasema neno ambalo halijanitoka moyoni hadi sasa:

“Mama, Vitshumbi haiwezi kimbia. Nitakuwekea kwanza dawa, tukimaliza ndio nitaenda.”

Vitshumbi haitakimbia, ziwa lake litabaki palepale na viboko wake. Nafasi ya kazi ndiyo itakayokimbia. Mkuu wa kituo cha afya alikueleza wazi kwamba uwe umefika keshokutwa asubuhi, la sivyo atamchukua yule aliyekufuata katika mtihani. Nilikuona siku ile simu yake ilipoingia. Ulicheza jikoni na ufagio mkononi, ukamzungusha baba yako hadi miwani ikamdondoka. Sasa unataka kuiachia kazi hiyo kwa sababu ya mkono wa mama yako, na mimi nikae kitako nikitazama? Hapana.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutotembea jioni karibu na viboko sitakuandikia. Baba yako ameandaa hotuba yake, na utaisikiliza kesho mpaka dereva awashe gari. Mimi nataka kuongea juu ya kazi yetu ya uuguzi, na juu ya ujinga nilioufanya ndani yake. Nitaeleza kila kitu kama kwa mtu asiyejua, kwa kuwa baba yako ataisoma barua hii kabla yako. Nyumba hii haijawahi kufunga bahasha ikabaki imefungwa.

Basi, Papa Solange, kateta ni ule mrija laini unaobaki ndani ya mshipa sindano ikishatolewa, na dawa au seromu, yale maji ya kutundikiwa, inapitia humo. Kila unene una rangi yake. Ya kijani ni nene, ya kumpa damu mama aliyetoka kuzaa akapoteza damu nyingi. Ya pinki ni ya watu wazima wengi. Ya bluu ni ya mishipa membamba. Ya manjano ni nyembamba kuliko hizo zote na ni fupi, ya watoto wachanga. Sasa unaweza kuendelea kusoma, na baadaye ukaoshe vyombo.

Solange, unajua kwamba wodini waliniita Mama Sindano Moja. Nimekutambia jina hilo tangu ukiwa unasoma shule ya msingi. Jinsi nilivyolipata sijakusimulia, na leo nakusimulia kwa sababu unakwenda kuishi kwa kazi ileile, na mikono ya kazi hii inapenda sana kusifiwa.

Nilipoanza, kila akija mgonjwa ambaye mishipa yake haionekani, mzee aliyekauka, mtu mnene, mtu aliyetobolewa wiki nzima, mimi nilikuwa na dawa yangu. Unajua kwamba kwetu ndugu za mgonjwa ndio wanaovuka barabara kwenda kununua kateta kwenye famasi. Wenzangu walikuwa wakimgusa mgonjwa, wakifikiri, kisha wakitaja rangi. Mimi sikugusa wala kufikiri. Nilitaja manjano. Ya manjano inaingia popote, hata kwenye kamshipa ka pembeni ya kidole gumba. Damu kidogo ikionekana nyuma ya sindano, nabandika plasta, ndugu wanashangilia kwamba ni sindano moja tu, na jina likashika hapo, nami nachukua mwavuli wangu naenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Siku moja wakaleta mama mmoja wa Kituku, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, Mama Bahati. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu alfajiri. Alikuwa mtu wa mwili hasa, mikono mizito, mishipa yake imezama chini kabisa. Mume wake alisimama kando, pesa za famasi mkononi. Nikamwambia manjano. Akakimbia, akarudi anahema, amefurahi kuona kateta yenyewe ni ndogo, akidhani nimemhurumia mkewe. Nikaipata kwa sindano moja, kama desturi. Seromu ikaanza kushuka tone moja, kisha unasubiri, kisha tone jingine. Mtu aliyepoteza maji kiasi kile alihitaji yaende mbio, na mimi niliona kwamba hayaendi. Nikajiambia kwamba polepole pia ni kwenda. Zamu yangu ikaisha.

Mvua ikaanza nikiwa getini, nikakumbuka mwavuli. Kurudi wodini nikakuta Mama Vero, aliyekuwa mkubwa wetu wa kazi, ameinama juu ya Mama Bahati. Mkono niliouacha mzima ulikuwa umevimba kama mkate. Kateta ilikuwa fupi na nyama ilikuwa nene, kwa hiyo ncha tu ndiyo iliyokuwa imegusa mshipa. Mama Bahati alipogeuka kutapika ikachomoka humo ndani, na seromu yote ikaingia kwenye nyama. Sasa Mama Vero alikuwa anatafuta mahali pengine, na hakuwa anapapata. Mama Bahati hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa, lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi.

“Ule wa sindano moja alinitoboa mara moja,” akasema. “Weye unanitoboa ya ine sasa. Weye jina yako ni nani?”

Mama Vero hakuinua macho. Akajibu, “Mi ndio niko nalipa jina yake.”

Wodi nzima ikacheka. Mama Bahati mwenyewe akacheka, tumbo likamuuma, akashika kitanda. Nami nikacheka nikiwa nimesimama pale mlangoni na mwavuli, masikio yanawaka. Mama Vero akafumba macho, akapapasa kwa vidole karibu na kiwiko, akaomba ya pinki, akaingiza kwa kuelekeza chini kuliko nilivyowahi kuthubutu, na seromu ikaanza kwenda kama mvua iliyokuwa nje. Mwisho wa wiki Mama Bahati akaruhusiwa kwenda kwake. Baada ya siku chache akarudi na sambaza wabichi kwenye beseni, akampa Mama Vero beseni lote. Mimi akanipa sambaza mmoja. Mmoja, Solange, samaki mwenye ukubwa wa kidole, amemfunga vizuri kwenye karatasi. Nikaenda naye nyumbani, nikamkaanga, nikamla.

Tangu hapo nikawa namfuata Mama Vero kama kivuli. Hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Kabla ya kutaja rangi yoyote alikuwa anavuta kiti na kukaa, hata kama watu wanapiga kelele. Alitaka kujua kwanza nini kitapita humo, na kwa kasi gani, na kwa siku ngapi, halafu ndipo anashika mkono na kuuliza kwa vidole mshipa uko chini kiasi gani. Bibi wa ngozi nyembamba anayepewa dawa kidogo kwa siku mbili, huyo alimpa ya bluu, na mara nyingine hata ile ya manjano niliyoanza kuichukia. Mtu mnene mwenye dawa za siku nyingi alimtafutia ndefu, hata kama ni kwenda kuiomba kwenye chumba cha upasuaji. Hakupiga mkono makofi ili mshipa utokee kama sisi tulivyofanya. Aliuning'iniza chini, kando ya kitanda, akaufunika kwa kitambaa cha maji ya moto, akaongea na mgonjwa habari za watoto wake.

Kuna kitu kimoja chake kilichonichukua miaka mingi kukikubali. Akishindwa mara mbili alikuwa anaweka sinia chini na kumwita mwingine. Yeye, mkubwa wetu. Mara nyingine alimwita mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na alisimama pembeni akishika taa. Mimi mkono wangu uliniambia kila mara, hii ya mwisho, hii naipata. Nimetoboa watu wengi kwa sababu ya hiyo ya mwisho. Huko Vitshumbi hutakuwa na wenzako wengi wa kuwaita, na vifaa ni vichache. Utakutana na wavuvi ambao ngozi yao imekuwa ngumu kwa jua na kamba, na watoto waliokauka ambao mishipa imejificha kabisa. Ukisikia mkono wako unasema hii ya mwisho, mpe sinia yeyote aliye karibu, hata mwanafunzi. Na mtoto akiwa anakuponyoka, usihangaike na mshipa, nenda kwenye mfupa wa mguu chini ya goti kama mlivyofundishwa. Hayo unayajua kuliko mimi. Nayasema kwa sababu naujua ule mkono.

Sasa nije kwenye mishipa yangu mwenyewe.

Kifua kikuu nilikipata wodini, wewe ukiwa kidato cha pili hivi. Kilipona, namshukuru Mungu na vile vidonge vilivyofanya mkojo wangu uwe rangi ya fanta. Kiliacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo ndiyo yanayochemka kila baada ya miezi kadhaa na kunirudisha kwenye dawa za mshipani. Ukitobolewa mara nyingi mishipa inachoka, inakuwa migumu, inajificha. Mimi niliyetoboa nusu ya mji huu nikawa mgonjwa ambaye wauguzi wakiona jina lake wanakumbuka kwamba wana shughuli chumba kingine.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa masomo siku ile uliponitoboa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki ninachokalia sasa, seromu inaning'inia kwenye msumari wa kalenda. Muuguzi aliyekuja nyumbani alikuwa ameshashindwa na ameomba radhi. Wewe ukasema acha nijaribu. Baba yako akatoka kwenda kuangalia kuku, kama anavyotoka hadi leo, maana mwanamume yule anaweza kushika nyoka lakini sindano hapana. Ukavuta kiti ukakaa. Hakuna aliyekwambia ukae. Ukaniwekea kitambaa cha moto, ukaupapasa mkono wote, ukachagua ya bluu kwenye sehemu ya ndani chini ya kiwiko ambayo hakuna aliyewahi kuiangalia, na ikaingia. Nililia, nikasema ni maumivu. Haikuuma hata kidogo. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Furaha hiyo ingebaki furaha ningekaa kimya. Lakini wewe unanijua. Nikaanza kusema kanisani kwa akina mama wa kwaya, nikasema sokoni, nikasema wodini: mishipa yangu inamjua mwanangu tu. Maneno hayo yalikuwa matamu kinywani. Muuguzi kijana akinikaribia napandisha nyusi. Akishika mkono nauvuta kidogo. Akichukua ya bluu namwambia ni kubwa, akichukua ya manjano namwambia ni ya mtoto, akigusa hapa namwambia hapo hapana. Nani atapata mshipa wa mtu wa namna hiyo? Anashindwa, nami naguna, na nyote mnakubali kwamba kweli, ni Solange peke yake. Hadi wakaandika namba yako ya simu kwenye karatasi na kuibandika ukutani mezani kwao, juu yake wakaandika kwamba kwa mishipa ya Mama Solange piga hapa.

Na walikupigia. Walikupigia asubuhi ya mtihani wako wa mwisho wa staji, yale mafunzo ya wodini, ukaingia mtihani umechelewa. Wenzako walipokwenda Bukavu kwa meli kutembea, wewe ulibaki kwa sababu nilikuwa katikati ya dawa. Siku ya mahari ya rafiki yako Aline ulikuja juu ya pikipiki na gauni lako la kijani na kucha zimepakwa rangi, ukavua viatu mlangoni, ukanawa, ukanitoboa, ukarudi kuvaa viatu. Mimi nilicheka sana siku ile, nikawasimulia watu. Lakini niliuona uso wako ulipokuwa unafunga kamba za viatu. Hukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu, na ulijitahidi nisione. Niliona, Solange. Niliona nikanyamaza, kwa sababu ilinipendeza kuwa na mtoto asiyeweza kukaa mbali nami. Hilo linaniuma kuliko sindano zote, na naomba unisamehe.

Leo asubuhi nilikuaga kwamba nakwenda soko la Virunga kununua kitenge cha kumpelekea bibi yako wa Kalengera. Kitenge nilinunua kweli, kiko begini chini ya blauzi. Kisha nikapanda pikipiki kwenda hospitali na dawa zangu mkobani.

Zamuni alikuwa Heritier, yule kijana mrefu mliyesoma naye, anayetembea kama anaomba ruhusa ya kukanyaga sakafu. Aliponiona na ile karatasi ya daktari, kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa simu mfukoni. Nikamshika mkono kabla hajabonyeza.

“Mama,” akasema, “batu yote ya hapa banajua hii mukono ni ya Solange.”

Nikamwambia, “Mukono ni yangu. Nilikuya nayo mwenyewe.”

Nikakaa, nikaunyoosha, na nikajiapiza kutosema neno. Hiyo ndiyo kazi ngumu niliyoifanya leo, na ungekuwepo ungenicheka. Heritier akachukua ya manjano. Nikauma ulimi. Akaitazama, akanitazama, akairudisha mwenyewe. Akauliza dawa ni za siku ngapi. Nikafurahi hadi nikakaribia kuongea. Akachukua ya bluu, akafanya kila kitu kwa utaratibu, akaingiza karibu na kifundo cha mkono, mshipa ukapasuka. Palipanda uvimbe kama maharage. Kijana akalowa jasho.

Nilimwambia ajaribu tena, sivuti mkono, aende tu. Hapo ndipo aliponishangaza. Akaweka sinia chini.

“Siwezi toboa tena nikiwa sioni,” akasema. “Acha niende niombe mashini ya bale ba upasuaji.”

Anataka mashine ya kutazamia ndani ya tumbo la wajawazito. Nikamjibu kwamba mimi sina mimba. Nilinuna kabisa, nikuambie ukweli, kwa kuwa Mama Sindano Moja alikuwa anaambiwa kwamba mkono wake unahitaji televisheni. Akaenda hata hivyo, akarudi na mtu wa ganzi, na mashine juu ya magurudumu, na kateta ambayo sijawahi kuwekewa, ndefu kupita kidole changu cha kati. Wakanipaka ile jeli ya baridi huku juu, ndani ya mkono, karibu na kwapa. Wakaniambia nitazame kioo cha mashine.

Solange, ulikuwepo mshipa pale. Duara jeusi, nene, zima, limetulia chini ya nyama, halijawahi kuguswa na mtu. Miaka yote hii sisi tunahangaika juu juu kwenye mikono na miguu, mimi naapa mbele za watu kwamba mishipa yangu imekwisha, na mwenzangu alikuwa amekaa tu humo. Wewe usingeweza kumwona, maana nyumbani mashine hatuna na vidole havifiki. Mimi niliyejifanya kuujua mkono wangu sikuwahi kumpa mtu nafasi ya kuutafuta vizuri. Heritier akaingiza sindano macho yakiwa kwenye kioo, polepole, na ikaingia mara hiyohiyo. Kwa vile ni ndefu, imelala ndani kabisa, sitaichomoa kwa kugeuka kitandani. Wanasema ikitunzwa itamaliza dawa zote bila kutobolewa tena. Dozi ya kwanza imeshapita, na nilipika leo bila kukohoa sana, kama ulisikia.

Nikawaita na wauguzi wengine wawili waliokuwa zamu, nikawaambia waje watazame kioo, washike mkono, wauulize maswali yote wanayotaka, leo mwenyewe hang'ati. Walikuja kwa woga, kisha wakaja kwa kicheko. Mmoja akasema hajawahi kunigusa katika miaka yake yote ya kazi pale. Walipomaliza nikaenda mezani kwao, nikaibandua ile karatasi ya namba yako, nikaichana mbele yao. Heritier akaingiwa na hofu upya.

“Na siku ingine hii kateta itaziba, tutamwita nani?”

“Mutaitana benyewe kwa benyewe,” nikamwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, kateta ipo mkononi mwangu ninapoandika haya, mkono wa kushoto, chini ya sweta. Ndiyo sababu nilikula na sweta wakati wa joto lote lile, na ukaniuliza kama nina homa. Nimeuficha hadi umalize kusoma, maana ukiuona kwanza utaanza kukagua bandeji na barua utaisahau. Kesho asubuhi nitakuonyesha, na unaruhusiwa kukosoa jinsi walivyobandika. Imepinda kidogo.

Gari la kwenda Rutshuru linaondoka mapema. Baba yako ameshazungumza na dereva asimame Kalengera, bibi yako atakuwa barabarani na kikapu, na usikatae chochote anachokupa hata kama ni jogoo. Sijui huko Vitshumbi utawakuta watu wa namna gani. Najua utafanya makosa, na mengine yatakuwa ya kuchekesha na mengine hayatachekesha. Utanipigia simu unisimulie, mimi nitakusimulia yangu, bado yapo ambayo sijafikia.

Nimebakiwa na neno moja, na hili ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Tangu uanze kunitoboa, ukiingia nyumbani hunitazami usoni. Unakuja moja kwa moja unanishika chini ya kiwiko, unapitisha kidole gumba juu na chini, taratibu, ndipo unasema “Mama”. Mwanzoni nilidhani ndivyo unavyonisalimia. Nikawa nauacha mkono hapo, nasikia raha. Baadaye nikaelewa kwamba unatafuta mshipa wa safari ijayo, kila siku, hata siku ambazo mimi ni mzima, hata siku ambazo wewe ndiye unayeumwa. Tuna miaka hatujasalimiana, mwanangu. Ukirudi likizo, uache mkono huu, una watu wake sasa. Unitazame usoni, useme umechoka na safari, uulize nimepika nini. Nitakuwa nimepika sombe.

Nenda ukafanye kazi.

Mimi mama yako